Mnunuzi wa mnadani asipolipa: Haki za muuzaji na njia za kudai chake

MAJANI ya chai yanayochumwa katika miteremko ya Mlima Kenya na vilima vya Nyambene, kuanzia Rukuriri na Mungania katika Kaunti ya Embu hadi Kionyo, Githongo na Michimikuru katika Kaunti ya Meru, huuzwa kwa watu ambao mchumaji hatawaona kamwe. Chai hiyo husagwa viwandani, ikapakiwa kwenye magunia ya karatasi, ikateremshwa hadi maghala ya Mombasa na kunadiwa kwa wafanyabiashara wa mataifa mbalimbali. Tangu 2020, wanunuzi hao hawakutani tena ukumbini. Kila mmoja huketi mbele ya kompyuta yake na kupandisha dau kwa kubonyeza kitufe.

Katika kaunti zizo hizo, mnada wa aina nyingine umeshika kasi. Mtu mwenye ng'ombe wa maziwa, pikipiki iliyotumika au mashine ya kukatia nyasi huipiga picha, akaitia kwenye kundi la WhatsApp au ukurasa wa Facebook, akatangaza bei ya kuanzia na saa ya kufunga. Watu hushindana kwa maandishi. Saa ikifika, mwenye dau la juu hupongezwa na wote.

Tofauti kati ya minada hiyo miwili hujitokeza siku ambapo aliyeshinda hatoi pesa. Kule Mombasa chai husalia ghalani, na muuzaji hupoteza muda pengine na sehemu ya bei. Huku kwenye simu, mara nyingi mali huwa imekwisha kuondoka, na muuzaji hubaki na picha ya ng'ombe aliyekuwa wake.

Je, sheria inampa nini muuzaji wa namna hiyo? Inampa mengi kuliko anavyodhani, ila haki zake zilizo bora zaidi hudumu kwa muda ule tu ambao mali ingali mikononi mwake.

Kamba ya mbuzi na ghala la chai

Anayeuza mbuzi katika soko la Ishiara hahitaji kuelezwa hayo. Bei hukubaliwa, pesa huhesabiwa, kisha kamba hubadilisha mikono. Hakuna muuzaji mwenye akili timamu anayeikabidhi kamba kwa mgeni aliyeahidi kurejea jioni.

Mnada wa chai, pamoja na ukubwa wake wote, hufuata kanuni iyo hiyo ya kamba. Mnada huo ulianzia Nairobi mnamo Novemba 1956, ukahamishiwa Mombasa mwaka 1969, na huendeshwa na Chama cha Wafanyabiashara wa Chai Afrika Mashariki. Mbali na chai ya Kenya, huuzwa pia chai kutoka Uganda, Rwanda, Tanzania na nchi nyingine za eneo hili. Dalali huandaa orodha ya chai zitakazouzwa na kuwatumia wanunuzi sampuli ili waionje mapema. Baada ya mauzo, mnunuzi hupewa ankara yenye siku ya mwisho ya kulipa kwa dola za Marekani. Chai haimtoki mwenye ghala hadi malipo yathibitishwe.

Kuna ngao ya pili ambayo haionekani kwa urahisi. Katika mnada huo hanunui mpita njia, bali mwanachama anayejulikana kwa jina la kampuni, anwani na benki. Akishindwa kulipa kwa wakati, habari huwafikia wote anaofanya biashara nao, naye hujiweka katika hatari ya kufungiwa mlango wa soko. Kwa mtu anayeishi kwa kununua chai kila wiki, adhabu hiyo huuma kuliko kesi.

Kundi la WhatsApp halina ghala wala orodha ya wanachama waliochunguzwa. Jina ni lolote alilojichagulia mtu, na nambari ya simu hutupwa kwa urahisi. Wala msimamizi wa kundi si dalali kwa macho ya sheria. Biashara ya kunadi mali za watu wengine huhitaji leseni chini ya Sheria ya Madalali ya 1996, na mwenye leseni huweza kushtakiwa mbele ya bodi inayompa leseni hiyo. Msimamizi wa kundi anaweza tu kumwondoa mkosaji kundini, jambo ambalo pengine ndilo mkosaji alilolitaka.

Nyundo inapogonga

Uuzaji wa bidhaa nchini Kenya huongozwa na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ambayo ni ya tangu enzi za ukoloni na ambayo kanuni zake zilirithiwa kutoka sheria ya Uingereza ya 1893. Waliotunga maneno yake hawakuwahi kuona hata redio, seuze simu ya mkononi. Hata hivyo, wanayoyasema kuhusu mnada yangali yakitumika.

Kwa mujibu wa sheria hiyo, mauzo ya mnada hukamilika pale dalali anapogonga nyundo, au anapotangaza kwa njia nyingine iliyozoeleka kwamba mauzo yamekwisha. Kabla ya hapo, aliyetaja bei yu huru kuiondoa. Baada ya hapo amefungwa na mkataba. Katika mnada wa mtandaoni, nyundo huwa ni saa ya kufunga iliyotangazwa, au ujumbe wa muuzaji unaosema kwamba fulani ameshinda. Ndiyo sababu ni heri muuzaji aandike waziwazi, kabla ya dau la kwanza, ni lini na kwa tamko gani mnada utahesabiwa kuwa umefungwa.

Lipo jambo ambalo wauzaji wengi hulikosea. Mshindi akitoroka, wao humgeukia mwenye dau la pili na kumwambia kwamba mali sasa ni yake, alipe. Mtu huyo hana deni lolote. Dau lake lilikufa pale dau la juu zaidi lilipopokelewa. Anaweza kuombwa anunue, naye anaweza kukubali, kukataa au kutaja bei mpya iliyo chini ya ile ya kwanza.

Sheria iyo hiyo inaweka sharti jingine ambalo huwapata watu bila kutarajia. Mkataba wa bidhaa zenye thamani ya Sh200 au zaidi hautekelezeki mahakamani isipokuwa mnunuzi awe amepokea sehemu ya bidhaa, ametoa arbuni au sehemu ya bei, au kuwe na maandishi yaliyotiwa saini na anayedaiwa. Kiwango hicho huchekesha leo, kwa kuwa Sh200 haziwezi kununua hata jogoo, lakini maana yake ni kwamba karibu kila mnada unaguswa. Sheria za Kenya zinatambua mikataba na saini za kielektroniki. Hata hivyo, njia nyepesi ya kujikinga ni kudai arbuni mara tu mnada unapofungwa. Aliyetuma Sh5,000 kutoka kwa simu iliyosajiliwa kwa jina lake ameuthibitisha mkataba, na pia amelionyesha jina hilo.

Nani hasa hajalipa?

Kabla ya kumlaumu mnunuzi, muuzaji hana budi kujua pesa zimekwama wapi. Mara nyingi kati ya mwenye mali na mnunuzi huwa kuna mtu wa tatu, naye huenda amekwisha kulipwa.

Wakulima wa kahawa wa Embu na Meru wanalifahamu suala hili kwa uchungu. Kahawa yao hupitia chama cha ushirika, kinu na wakala kabla ya kunadiwa katika Soko la Kahawa la Nairobi. Kwa miaka mingi mkulima alipouliza kwa nini hajalipwa, kila mmoja katika mnyororo huo alimwonyesha mwenzake kidole. Mwaka 2023 ulianzishwa utaratibu wa malipo ya moja kwa moja kupitia Benki ya Ushirika, ambapo mnunuzi huweka pesa katika akaunti maalumu na kila anayestahili kugawiwa, kuanzia chama cha wakulima hadi mwenye kinu, hupata fungu lake kutoka hapo. Utaratibu huo haukuondoa malalamiko yote. Hata hivyo, umerahisisha swali la msingi: kama pesa zimeingia katika akaunti hiyo, mnunuzi hana deni tena.

Anayeuza kupitia dalali wa mtandaoni anafaa kuuliza swali lilo hilo. Ikiwa mnunuzi alimlipa dalali, na dalali alikuwa ameruhusiwa kupokea pesa, mdaiwa ni dalali. Kumfuata mnunuzi aliyekwisha kulipa ni kupoteza nauli, na pengine kujitafutia kesi.

Sababu za kutolipa

Si kila asiyelipa ni mwizi. Mwaka 2023, Pakistan, ambayo ndiyo mnunuzi mkubwa wa chai ya Kenya, ilikumbwa na uhaba wa dola, na wafanyabiashara wake wakatatizika kulipia shehena. Mnamo Machi 2025, Sudan ilipiga marufuku bidhaa kutoka Kenya, na waliokuwa wamenunua chai kwa ajili ya soko hilo wakajikuta na mzigo usio na pa kwenda. Mfanyabiashara mwaminifu anaweza kushindwa kulipa kwa sababu zilizo mbali naye.

Wakati mwingine kosa huwa la muuzaji mwenyewe. Ng'ombe aliyetangazwa kuwa hutoa lita 20 kwa siku akafika akitoa nane, si ng'ombe aliyenunuliwa. Mnunuzi wa mtandaoni huona picha tu, na sheria humlinda pale bidhaa isipolingana na maelezo. Aidha, yapo mazoea mabaya ya muuzaji kumtuma ndugu au rafiki apandishe dau ili wengine wafuate. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa hulikataza jambo hilo isipokuwa iwe imetangazwa mapema kwamba muuzaji amejiwekea haki ya kushiriki. Mnunuzi akigundua hila hiyo, anaruhusiwa kuyachukulia mauzo kuwa ya udanganyifu. Muuzaji aliyefanya hivyo aelewe kwamba akienda mahakamani anampelekea mpinzani wake silaha.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuuliza, kwa maandishi na kwa lugha ya adabu. Ujumbe mfupi unaotaja mali, bei, tarehe ya mnada na siku ya mwisho ya kulipa unatosha. Mnunuzi akijibu kwamba amekwama na kuomba wiki moja, jibu lake lenyewe ni ushahidi kwamba anakiri deni. Muuzaji akikubali kumwongezea muda, aandike pia kwamba mali itasalia kwake hadi shilingi ya mwisho ilipwe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na siku hizi daftari ni simu. Jumbe zisifutwe, na picha za mnada zihifadhiwe mahali pengine endapo simu itaharibika.

Mzigo ukiwa bado mkononi

Hapa ndipo muuzaji ana nguvu. Sheria inampa muuzaji ambaye hajalipwa haki ya kuizuia mali hadi alipwe, hata kama kwa hesabu za kisheria mali hiyo imekwisha kuwa ya mnunuzi. Haki hii hupotea pale anapomkabidhi mnunuzi au msafirishaji bila kujiwekea masharti.

Maneno hayo, kwamba mali inaweza kuwa ya mnunuzi hata kabla ya kulipa, huwashangaza watu. Bidhaa mahsusi, kama vile ng'ombe yule yule aliyeonyeshwa pichani, huweza kuhamia kwa mnunuzi mara mkataba unapofungwa, isipokuwa wawili hao wawe wamekubaliana vingine. Hasara nayo hufuata umiliki. Muuzaji anayetaka kubaki mwenye mali hadi alipwe aseme hivyo katika tangazo la mnada, ila ajue kwamba ng'ombe akifa usiku huo, aliyefiwa ni yeye.

Baada ya kuizuia mali, muuzaji anaweza kuiuza upya. Sharti ni kwamba kwanza ampe mnunuzi notisi ya nia hiyo na muda wa kutosha wa kulipa. Akipuuza, mali huuzwa kwa mwingine, na aliyekiuka mkataba hudaiwa hasara iliyotokea.

Chukua mfano wa mkulima wa Runyenjes aliyenadi ng'ombe wake mtandaoni. Mshindi alitaja Sh120,000 na kutuma Sh20,000, kisha akanyamaza. Mkulima alimpa notisi ya siku saba, ikapita. Alipomuuza upya alipata Sh95,000, na katika siku hizo za kungoja alikuwa ametumia Sh4,000 kwa lishe. Tofauti ya bei ni Sh25,000, na ukijumlisha lishe, hasara yake ni Sh29,000. Akitoa zile Sh20,000 alizokwisha kupokea, anabaki akidai Sh9,000. Kama hasara ingekuwa chini ya pesa alizotumiwa, angetarajiwa kurejesha ziada, isipokuwa masharti ya mnada yangekuwa yametamka kwamba arbuni haitarudishwa mnunuzi akighairi.

Bidhaa zinazoharibika haraka zina kanuni yao. Sheria haimlazimishi mwenye nazo kutoa notisi na kungoja. Miraa iliyovunwa asubuhi huko Igembe na kufungwa kwa majani ya mgomba haina muda wa kusubiri barua za mawakili, wala muguka wa Mbeere. Muuzaji anaruhusiwa kutafuta mnunuzi mwingine mara moja na kudai tofauti baadaye. Anachopaswa kuonyesha ni kwamba aliuza kwa bei ya haki ya siku hiyo, wala hakumgawia shemeji yake kwa bei ya kutupa ili amwachie mnunuzi wa kwanza mzigo wa hasara.

Mali ikiwa njiani, sheria inaacha mwanya mwembamba. Muuzaji aliyetuma kifurushi kwa matatu kutoka Embu kwenda Nairobi, kisha akapata habari kwamba mnunuzi amefilisika au ameacha kulipa madeni yake, anaweza kumwagiza msafirishaji asikikabidhi. Haki hii huisha kifurushi kinapomfikia mnunuzi. Kwa sababu hiyo, simu ya ofisi ya vifurushi ni ya kupigwa kwanza, kabla hata ya kumpigia mnunuzi mwenyewe.

Mzigo ukishaondoka

Mali ikifika kwa mnunuzi, muuzaji si mwenye mali tena, ni mdai kama wadai wengine. Hawezi kwenda usiku kumfungua ng'ombe zizini na kumrudisha. Akifanya hivyo huenda yeye ndiye atakayelala korokoroni.

Wengi hufikia hali hii kwa kuamini ujumbe wa simu. Tangu huduma ya M-Pesa ianzishwe Machi 2007, Wakenya wamezoea kuutazama ujumbe wa malipo kama risiti isiyo na shaka, na matapeli wameutumia uaminifu huo kwa kutuma jumbe za kughushi zinazofanana na za kweli. Wengine hulipa kweli, kisha mara tu mzigo unapoondoka huomba kampuni ya simu iwarudishie pesa wakidai zilitumwa kimakosa. Muuzaji hapaswi kusoma ujumbe tu, bali atazame salio la akaunti yake, na kwa pesa nyingi angoje hadi aone zimetulia. Hundi ni ya kuogopwa zaidi, kwa kuwa kuipokea si kulipwa. Malipo huhesabika benki inapoiidhinisha.

Polisi, chifu, wazee au mahakama

Wanaodai hukimbilia kituo cha polisi wakitumaini kwamba mdaiwa akitiwa ndani atalipa. Lakini kushindwa kulipa deni si jinai, na polisi si wakusanyaji wa madeni. Mambo hubadilika palipo na udanganyifu tangu mwanzo: ujumbe wa malipo uliobuniwa, jina la bandia, hundi iliyotolewa na mtu anayejua kwamba akaunti ni tupu. Kujipatia mali kwa hila ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na hila iliyofanywa kwa kompyuta au simu inaweza kuingia chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018. Katika hali hizo ni sawa kupiga ripoti na kuchukua nambari ya taarifa. Hata hivyo, kesi ya jinai hulenga kumwadhibu mkosaji, na mdai anayetaka pesa zake huenda akalazimika kufungua dai lake kando.

Pale muuzaji na mnunuzi wanapojuana au kutoka eneo moja, usuluhishi huenda ukafika haraka kuliko karatasi za korti. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 159, inazihimiza mahakama kukuza njia za jadi za kutatua migogoro, mradi zisikiuke Katiba. Miongoni mwa Wameru, baraza la wazee la Njuri Ncheke, ambalo makao yake yako Nchiru, limekuwa likisikiza mashauri tangu kabla ya ukoloni. Ofisi ya chifu nayo huwapatanisha wengi, japo chifu hana mamlaka ya kutoa hukumu ya deni. Makubaliano yakifikiwa, yaandikwe na kutiwa saini na pande zote mbili, huku viwango na tarehe za malipo zikitajwa. Ahadi ya mdomo iliyotolewa mbele ya wazee watano huwa na kumbukumbu tano tofauti baada ya mwaka mmoja.

Mnunuzi asiposikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini, huwa imebaki mahakama. Kwa wauzaji wadogo mlango ulio rahisi ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi mwaka 2021. Husikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni, yakiwemo ya bidhaa zilizouzwa bila kulipiwa. Mdai hahitaji wakili. Anaweza kujisimamia mwenyewe, na mahakama haifungwi na kanuni kali za ushahidi. Sheria inataka shauri liamuliwe katika muda wa siku 60 tangu kuwasilishwa. Madai makubwa zaidi hupelekwa katika mahakama za mahakimu, ambako safari ni ndefu na gharama ni za juu.

Kabla ya kufungua shauri, ni desturi kumpa mdaiwa barua ya madai yenye kiasi kinachodaiwa, asili yake na siku za kulipa. Mdaiwa asiyejua kama mwenzake ana nia ya dhati mara nyingi hulipa baada ya barua hiyo. Asipolipa, nakala yake huambatanishwa na jumbe za mnada, uthibitisho wa kukabidhi mali na taarifa ya akaunti inayoonyesha kwamba pesa hazikuingia. Mahakama hupokea ushahidi wa kielektroniki, ila ni vyema picha za jumbe ziambatane na cheti kinachoeleza zilitolewa kwa kifaa gani na nani.

Jambo linalowavunja wengi moyo si kesi bali anwani. Hati za mashtaka lazima zimfikie mtu, na mtu anayejulikana tu kwa jina la Facebook hafikiki. Wenye mnada wa chai walitatua tatizo hili kabla halijazuka, kwa kutomruhusu yeyote kutaja bei bila kujitambulisha. Muuzaji wa ng'ombe anaweza kufanya vivyo hivyo kwa kuomba nakala ya kitambulisho, mahali anapoishi na nambari iliyosajiliwa kwa jina lake kabla ya kumruhusu kushiriki. Baadhi watakataa, na kukataa kwao kutakuwa kumemwokolea muuzaji kazi kubwa.

Muda nao una kikomo. Dai linalotokana na mkataba halina budi kufikishwa mahakamani katika miaka sita tangu mkataba ulipokiukwa.

Mdai akishinda na mdaiwa asilipe hata baada ya hukumu, anaweza kuomba mali ya mdaiwa ishikwe na kuuzwa kwa mnada wa hadhara. Huko nako kuna wanunuzi wasiolipa, na sheria za utaratibu wa kesi za madai zimewaandalia mahali pao. Anayenunua ardhi katika mnada wa mahakama hulipa papo hapo asilimia 25 ya bei na kukamilisha kwa siku 15. Akishindwa, arbuni yake inaweza kuchukuliwa, ardhi ikanadiwa upya, naye akadaiwa upungufu wa bei utakaojitokeza. Kwa bidhaa za kubebeka hakuna hata kungoja huko: bei hulipwa wakati wa mauzo au mara afisa anapoagiza, na asiyelipa huona mali ile ile ikipandishwa tena na kunadiwa bila kuchelewa.